Wati Sita

Swali langu kwa Taavet lilikuwa moja:
inakula kiasi gani?
Sikuuliza kasi, wala rangi, wala jina lililochorwa kifuani.
Mimi hupika uji wa shule, hapa Tartu;
mlaji hapimwi kwa sura,
hupimwa kwa sufuria.

Nje, Februari. Theluji imeganda dirishani kama ukoko.
Ndani ya duka lake, nyuma ya stesheni,
kompyuta ndogo zimejipanga rafuni,
kila moja ukubwa wa nusu mkate mweusi,
zimestaafishwa, zimefutwa kumbukumbu,
zinangoja mwajiri asiye na makuu.

Taavet akaanza na mpya.
"Hii, mama, inaweza kuendesha hoteli."
Nikamwambia sina hoteli.
Nina vyumba viwili na mama mmoja,
Leida, miaka themanini na minne,
huamka saa tisa za usiku kutafuta ng'ombe
waliouzwa kabla sijaolewa.
Nataka taa ya korido iwake akikanyaga sakafu.
Nataka jiko lizimike akilisahau.
Na sitaki hatua zake za usiku
zikahifadhiwe na kampuni
nisiyoujua hata mlango wake.

Akaleta kadi ya kijani, tupu, nyepesi kama biskuti.
Bei yake ya kutabasamu.
Haya, boksi je? Chaja? Diski?
Nikajumlisha nyuma ya risiti ya maziwa,
na rahisi ikanenepa machoni pangu,
ikapita ghali, ikaendelea.

Ya tatu ilitoka ofisi ya bima iliyofungwa.
Kibandiko bado kipo: 0417.
Kovu la gundi ubavuni,
gigabaiti nane, kichakataji cha zamani.
Taavet aliona haya kuisifia.
Hapo ndipo nilipoipenda.

Nikatoa mkobani kipimo changu cha umeme,
kile kilichonifichulia friji mwizi mwaka juzi.
Tukaichomeka.
Kumi na tisa, ikikurupuka.
Kumi na moja.
Tisa.
Tukakiinamia kipimo, yeye na mimi,
kama wazazi juu ya kipimajoto.
Sita.
Tukangoja.
Sita.

Wati sita, usiku na mchana, mwaka mzima:
yuro kumi na chenji,
soksi za sufu, jozi moja, na si zile nzuri.
Nikatega sikio kwenye feni:
paka amelala chumba cha pili.
Akasema sitini. Nikalitazama kovu la gundi.
Akasema hamsini.

Msinione fundi.
Wiki mbili tulibishana, mimi na 0417.
Usiku wa kwanza iliwasha nyumba nzima
kwa sababu nondo alipita mbele ya kihisi,
nondo, Februari, ametoka kabati gani sijui.
Usiku wa nne ilinizimia jiko
samaki akiwa upande mmoja.
Nilisoma, nikafuta, nikaandika upya,
nikaitukana kwa lugha ya bibi yangu.

Kisha usiku mmoja nikalala. Moja kwa moja.
Asubuhi daftari la mashine likanieleza:
saa tisa na dakika kumi, mlango.
Saa tisa na kumi, taa.
Saa tisa na arobaini, kitanda.
Dakika thelathini alikuwa wapi?

Nikaikuta rafuni imevikwa
shali ya sufu, imezungushwa mara tatu,
imebanwa pini.
Nyuzi joto themanini na tano. Feni inalia.

"Ilikuwa inatetemeka," mama akasema,
"mtoto wa watu.
Na wewe umeiweka dirishani."

Sikubisha. Nikachukua mkasi,
nikakata tundu nyuma ya shali,
na lingine ubavuni, juu kidogo ya 0417,
nikaivika tena, nikarudisha pini.

Sasa ni nyuzi hamsini na moja.
Bado inakula sita.